Matawi Tuliyoyachomeka Kando ya Mto

Mgeni aliushika mti kwa mkono mmoja ili apigwe picha, na mti ukatoka ardhini. Haukuvunjika. Ulitoka mzima, bila kuvutwa, kama mwiko unavyotoka kwenye uji. Chini yake hapakuwa na mzizi hata mmoja. Palikuwa na ncha iliyokatwa mshazari kwa panga, nyeupe, bado ina utomvu, na tope kidogo. Mgeni alibaki ameushika, akiendelea kutabasamu, maana mpiga picha alikuwa hajamaliza.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, daftari mkononi. Nyuma yake miti mingine ilikuwa imesimama kwa mistari hadi kwenye kona ya mto, na yote ilikuwa vilevile. Juu ya ukingo kulikuwa na ubao mpya wa rangi ya kijani, ukisema kwa Kiingereza na Kiswahili kwamba hapo ndipo kampuni inaporudisha msitu wa asili. Maneno ya ubao ule niliyapiga chapa mimi. Kando yangu alisimama mama yangu mzazi, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Hakushtuka. Alikuwa ameshaniambia siku chache kabla.

Mto wenyewe ni mdogo. Unatoka kwenye ukingo wa msitu wa Mau, unapita katikati ya chai ya kampuni, halafu unaingia kwenye mashamba ya watu upande wa chini wa Kimulot. Shamba la mama ni la kwanza kupokea maji. Alipoolewa pale, pande zote mbili za mto zilikuwa na miti mikubwa, na alikuwa akiteka maji kivulini hata saa sita mchana. Katika miaka ya tisini, ninayoisimulia, kivuli hakikuwepo tena. Kampuni ilikuwa imeshuka na chai yake mpaka bondeni, mstari baada ya mstari, kwa sababu chai ya bondeni haipungui majani wakati wa kiangazi. Mstari wa mwisho ulikuwa na miguu ndani ya maji.

Chai ikiwa karibu na maji hivyo, kila inachopewa huingia majini. Mara kadhaa kwa msimu walikuja wanaume wa pampu, wale wabebao dawa ya magugu mgongoni. Walipiga dawa kuanzia juu na kumalizia chini. Sheria ya stoo ilikuwa kali: pampu irudishwe ikiwa safi, asiye na pampu safi hapokelewi. Mfereji wa stoo ulikuwa mbali, juu kilimani. Kwa hiyo waliziosha mtoni, wakaziosha vizuri kabisa, wakasuuza na mabuti, wakapanda zao juu na vyombo vinavyong'aa. Nyuma yao maji yalishuka kwa mama yakiwa na povu jeupe na harufu tamu ya kuchefua, kama ya tunda lililoozea ndani ya mfuko wa plastiki.

Mama alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Siku za povu waliingia mtoni hadi magotini, wakainamisha pua, kisha wakainua vichwa na kutoka bila kunywa. Mmoja wao alitupa ndama kabla ya wakati. Sisemi ni maji yaliyomfanya atupe ndama. Sijui. Hata mama hakusema hivyo. Alichotaka ni kitu kimoja tu: ajue kama maji yale yanafaa kunywewa, na kama hayafai, chai ivutwe nyuma kutoka mtoni. Aliacha kuyanywa huku akisubiri jibu. Akaanza, yeye mwanamke aliyekaribia miaka sitini, kupanda kilima na mtungi hadi kwenye chemchemi ya jirani, mara mbili kwa siku.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya shamba hilohilo. Nilipiga chapa barua za meneja, nikapanga faili zake, nikaandika daftari la wageni. Kwa hiyo nilikuwepo asubuhi mama alipoingia ofisini na chupa ya mafuta ya kupikia iliyojaa maji ya mto. Hakunisalimu kama mtoto wake. Alinisalimu kama karani, kwa heshima, akaomba kumwona mkubwa.

Meneja alikuwa mtu mpole wa sauti, nadhifu, mwenye soksi zilizovutwa hadi chini ya magoti. Mama aliweka chupa juu ya meza yake, kwenye karatasi.

"Hii nini, mama?"

"Maji yangu."

"Ninaona ni maji. Nifanye nini nayo?"

"Kunywa, mwanangu. Kunywa kidogo tu, halafu niende."

Meneja alicheka. Aliniangalia mlangoni ili nami nicheke, na nikatabasamu. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka.

"Mama, mto ni mto. Kila mto una tope."

"Tope nalijua. Nimekunywa tope tangu niolewe. Kunywa hii."

Hakunywa. Alisema atapeleka chupa ile ikapimwe, akaniambia niiweke kwenye rafu. Niliiweka. Ilikaa pale karibu na faili za likizo, wiki baada ya wiki, mpaka maji yakaota uzi wa kijani ndani. Siku moja mfagiaji aliyamwaga kwenye maua ya mbele ya ofisi, akaosha chupa na kwenda nayo kwake. Sikumwambia mama. Kila nilipokwenda nyumbani Jumapili aliniuliza kama jibu limekuja, nami nilimjibu bado, na huo haukuwa uongo.

Mwaka uliofuata ndipo barua ilipokuja kutoka kwa wanunuzi wa ng'ambo. Walikuwa wameanza kuulizwa na wateja wao chai inatoka wapi na inalimwaje. Walitaka kununua kwa kampuni zinazotunza udongo, maji na misitu. Wangetuma watu watatu kuja kuona. Niliisoma barua ile mara mbili kabla ya kuipeleka ndani, na sikufichi, nilifurahi. Nilidhani hatimaye kuna mtu ameuliza swali la mama kwa karatasi yenye nembo.

Meneja aliunda kamati ya mazingira. Yeye alikuwa mwenyekiti, mimi mwandishi. Mjumbe aliyefanya kazi yenyewe alikuwa nyapara wa kitalu cha miche, mzee kutoka upande wa Kisii aliyekuwa ameotesha chai maisha yake yote. Siku ya kwanza niliandikishwa sera ya kampuni. Meneja aliisoma kutoka kwenye jarida la shirika la ndege alilorudi nalo kutoka safari, akibadilisha jina tu, nami nikafuata kwa taipureta. Mazingira ni moyo wa biashara yetu, ndivyo ilivyoanza. Nilipiga nakala nyingi. Moja ilibandikwa kiwandani, moja zahanati, moja kwenye mlango wa choo cha wageni.

Nilimsomea mama nakala yangu Jumapili, nikimgeuzia kwa Kikipsigis.

"Moyo wa kampuni," alisema. "Na mto uko wapi kwenye hiyo karatasi?"

Niliitazama tena. Mto haukuwemo.

Kikao cha pili kilijadili rangi ya mapipa ya taka. Cha tatu kilijadili kupaka chokaa mawe ya barabarani, na kikao hicho kilichukua saa nzima kwa sababu kulikuwa na hoja kuhusu mawe ya upande wa kiwandani. Ni katika kikao cha nne ndipo meneja alipotaja mto, na alitaja kwa sababu ya picha.

"Wageni wakifika watataka maji," alisema. "Watu hawa wanapenda kupiga picha kando ya maji. Nataka mistari sita ya chini iondoke, nataka miti ya msitu."

Nikaandika kwa haraka. Mistari sita. Hata mama hakuwahi kuomba yote hiyo.

"Kung'oa mistari sita ni kazi ya mwezi," nyapara alisema. "Mizizi ya chai hii imezeeka, bwana meneja. Ni trekta na mnyororo."

"Nani amesema kung'oa? Pogoeni."

Ambaye hajaishi na chai hataelewa uchafu wa neno lile. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka michache. Hukatwa ukabaki kisiki cha chini ya goti, bila jani, na mtu asiyejua akipita atadhani shamba limekufa. Lakini haujafa. Baada ya miezi mitatu huwa umechipuka, na baadaye huzaa kuliko mwanzo. Meneja aliamuru visiki vikatwe chini zaidi na kufunikwa kwa nyasi kavu na udongo. Wageni wangeona uwanja mtupu. Nasi tungepata chai mpya.

"Na miti?" nyapara aliuliza. "Mimi kitaluni nina chai tupu. Mbegu ya msitu inakaa mwaka mzima ndio mche unafika hapa." Alionyesha goti.

"Wageni wanakuja wiki ijayo, mzee, si mwaka ujao."

"Basi hakuna."

Meneja aliegemea mbele, akaongea kwa sauti ya kubembeleza. "Wewe si ndiye bingwa wa kuotesha hapa? Unachukua jani moja la chai na kipande cha kijiti, unachomeka kwenye kifuko, linakuwa mti. Sasa tawi zima, nene hivi, ndilo litakushinda?"

Nilimwona nyapara akifikiri. Halafu uso wake ukafunguka, kama wa mtu aliyesifiwa mbele ya watu, na nikajua ameamini. Mtu wa mahali pengine asingeamini. Lakini sisi wa nchi ya chai, ambao vilima vyetu vyote vimetokana na vijiti vilivyochomekwa kwenye vifuko, tumezoea hivyo kiasi cha kudhani ardhi haikatai kitu.

"Tutajaribu," alisema.

Lori lilikwenda ukingoni mwa Mau asubuhi mbili mfululizo. Nilipanda nalo siku ya pili ili niandike idadi, kama nilivyoagizwa. Vibarua walikata kila tawi lililonyooka waliloweza kulifikia, na mti mchanga uliokuwa na kimo kizuri waliukata shina lote. Nilipoondoka, ukingo ule ulikuwa umebaki na vidonda vyeupe kila mahali, na majani ya chini yamekanyagwa yakawa tope. Tulikuwa tumekwenda kuukata msitu ili tuonekane tunaupanda. Niliandika idadi. Niliiandika kwa mwandiko mzuri.

Kazi ya kuchomeka ilikuwa na vicheko. Kibarua mmoja alimwinulia nyapara jembe lake.

"Mzee, na mpini huu nao je? Ukishika tutavuna majembe."

"Chomeka kichwa chako," nyapara alimjibu. "Pengine kitaota akili."

Lakini yeye mwenyewe hakuwa anatania. Aliinamia kila tawi, akalikandamizia udongo kwa vidole gumba viwili, kama alivyofanya miaka yote kwa chai, akalimwagia maji kwa kopo. Mama alishuka kutoka shambani kwake akasimama ng'ambo ya mto. Alitaja matawi moja moja kwa jina: hili ni tebesuet, hili lamaiywet, hili tenduet. Kisha akaniita.

"Yamekufa," alisema. "Yote. Hayajajua tu."

"Nyapara anasema yatashika."

"Nyapara ni mtu mzuri. Chai imemharibu."

Kabla ya wageni kuja, meneja mwenyewe alimtembelea mama nyumbani, nami nikiwepo. Alileta mkate na sukari. Alitaka mama awe jirani wa kampuni atakayezungumza na wageni, maana waliandika kwamba wangependa kumsikia mtu wa karibu. Mama alimpikia chai ya maziwa. Meneja alipopewa kikombe alikishika, hakukipeleka mdomoni. Aliniangalia.

"Hii ni maji ya mto?"

"Ni ya chemchemi ya jirani," nilimwambia. "Juu."

Akanywa. Akanywa chote, akaomba kingine. Mama alitazama kikombe kile mpaka kikaisha, na nilijua ameshapata nusu ya jibu lake.

"Mama," meneja alisema akiaga, "wewe sema vizuri tu. Wageni wakienda na furaha, mistari ile nitaing'oa kweli, kwa mnyororo. Una neno langu. Nisipouza kwa hawa watu, sitakuwa na sababu ya kuing'oa, si ndiyo?"

"Na maji yangu uliyopeleka kupimwa?"

"Hayo yanashughulikiwa."

Nilitazama miguu yangu.

Siku moja kabla ya ziara, stoo ilisafishwa. Nyuma yake kulikuwa na rundo la jerikeni tupu za dawa, la miaka kadhaa, na lilionekana vibaya. Mtunza stoo alipata njia rahisi. Aliita wanawake wa kambi ya wafanyakazi. "Za bure!" alisema. "Osheni na majivu, ni mitungi mizuri kuliko ya duka." Walipanga foleni. Baada ya nusu saa rundo halikuwepo, na meneja alipopita alisifu usafi. Jioni niliwakuta kwenye mfereji wa kambi wakiteka maji ya kunywa. Jerikeni moja bado ilikuwa na karatasi yake ubavuni, na fuvu jeusi la kichwa cha mtu juu ya karatasi.

Nilimwambia mwenye jerikeni ile asiitumie.

"Dada karani," alinijibu, "plastiki ngumu hivi niitupe? Wewe una mfereji wa ofisi." Wenzake wakacheka. Akaibeba akaenda, na fuvu likanitazama mgongoni mwake hadi alipokata kona.

Wageni walikuja asubuhi, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Wachuma chai waligawiwa aproni mpya, zikahesabiwa, na waliambiwa watazirudisha saa nane. "Leo maharusi," mmoja alisema akifunga kamba, "kesho tunarudishwa kwa mama." Wanawake wengine waliwavika wageni sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao kwetu huvishwa mtu aliyeshinda. Sijui walikuwa wameshinda nini. Waliingizwa kiwandani, wakasomewa sera, wakaonyeshwa mapipa. Kisha tukashuka mtoni.

Matawi yalikuwa na siku sita. Yalikuwa yameanza kulegea majani, lakini nyapara alikuwa ameyamwagia maji tangu alfajiri, na kwa mbali yalipendeza. Meneja alieleza mistari sita iliyotolewa. Wageni walikanyaga nyasi kavu, juu ya visiki, wakaandika. Ndipo mama akaletwa mbele, na mimi nikaitwa niwe mkalimani wake.

Yule mgeni wa kike alimwuliza kama anakunywa maji ya mto huu.

Mama alijibu kwa Kikipsigis, polepole, akinipa nafasi. Alisema: "Mwambie nimeyanywa tangu nilipoolewa hapa. Mwambie niliacha walipoanza kuosha dawa ndani yake. Ng'ombe wangu wameyakataa. Niliwapa maji yale kwenye chupa wayapime, na sijajibiwa. Mwambie chai haijang'olewa, imelala chini ya nyasi hizi anazozikanyaga. Na haya si miti."

Meneja hakujua Kikipsigis, ila alinitazama usoni. Wote walinitazama. Nilikuwa na mshahara unaosomesha wadogo zangu wawili, na nilikuwa na neno la meneja kwamba akisifiwa atang'oa. Nilijiambia kwamba ninamsaidia mama. Nikasema kwa Kiingereza: anasema amekunywa maji haya tangu alipoolewa hapa.

Mgeni mmoja akapiga makofi mawili matatu.

Mama aligeuka akanikazia macho. "Nimesema maneno mengi," alisema. "Wewe umesema machache."

Yule mwanamke mgeni aliuliza mama anasema nini tena, nami nikasema anawakaribisha.

Dakika chache baadaye ndipo mwenzake alipoomba apigwe picha na mti, akaushika, ukatoka. Nyapara alifunga macho. Meneja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuongea, na hakubabaika hata kidogo. Alisema hii ni mbinu ya uoteshaji kwa vijiti, ileile iliyojenga sekta ya chai, sasa inajaribiwa kwa miti ya asili, na kwamba mzee huyu ni mtaalamu wake. Mgeni alisema inavutia sana. Akaurudisha mti kwenye shimo lake kwa uangalifu, akaukandamiza kwa kiatu, na picha ikapigwa.

Yule mwanamke hakuwa anatazama picha. Alimtazama mama, akaitazama ncha ile ilipokuwa ikirudi ardhini, akanitazama mimi. Alikuwa na chupa ya plastiki ya maji ya dukani. Alimwaga yaliyobaki kwenye nyasi, akashuka ukingoni, akachutama, akaijaza chupa kutoka mtoni mpaka juu, akaifunga na kuitia ndani ya begi lake. Alifanya hivyo mbele ya kila mtu. Meneja aliendelea kueleza idadi ya matawi.

Mama aliniambia tukiwa tunapanda, na hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi: "Yule hakuhitaji mkalimani."

Mengine yalikwenda kama mtu angetarajia. Wanunuzi walinunua. Baada ya wiki mbili matawi kadhaa yalitoa vijani vidogo kwa utomvu uliobaki ndani yake, na nyapara akaja mbio ofisini kuniita. "Si nilisema? Njoo uone, dada!" Nilikwenda nikaona. Wiki iliyofuata vilikuwa vimenyauka. Aliendelea kuyamwagia maji mpaka wanawake wa kambi walipoyang'oa yawe kuni, na hata hapo alibaki akikagua mashimo. Miezi mitatu ikapita, na mistari sita ikachipuka kupitia nyasi, kijani kibichi, yenye afya. Wanaume wa pampu walirudi. Meneja alihamishiwa shamba kubwa zaidi, na aliyemfuata aliniambia hakuna faili inayotaja kung'oa chai. Alisema kweli. Sikuwa nimeliandika neno lile la nyumbani kwa mama, na katika kumbukumbu za kikao nilikuwa nimeandika, kama nilivyoambiwa, "kurekebisha mistari ya chini."

Kampuni ilichapisha kalenda. Mwezi wa nne ulikuwa na picha ya mgeni akiwa ameshika mti, sinendet shingoni. Kwenye ukingo wa picha unaonekana mkono wa mama na nusu ya kitambaa chake. Walimletea nakala. Aliitundika jikoni, juu ya moto, moshi ukaila polepole kuanzia juu.

Yule mgeni wa kike alikuwa ameacha anwani katika daftari la wageni, kwa mwandiko wake mwenyewe. Nilimwandikia barua, na safari hii niliandika maneno yote ya mama, moja baada ya jingine, pamoja na ya jerikeni. Sikujibiwa. Niliandika tena nilipoacha kazi ile. Pengine alihama, pengine chupa ilichukuliwa uwanja wa ndege, pengine maji yalipimwa na jibu likapelekwa kwa waliolilipia. Sijui, na sina njia ya kujua.

Mama bado yuko pale. Siku hizi mtungi hubebwa na mkwe wake, kutoka kwenye chemchemi ileile ya jirani, ambayo inazidi kupungua kila kiangazi. Nikienda kumwona hunisalimu, hunipa mursik, maziwa yetu ya mgando, na kabla sijamaliza kikombe huniuliza kama yule mwanamke ameandika. Namwambia bado.